Ukurasa Uliokwanguliwa

Ujerumani, 14 Januari 2024

Baba Mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Huku theluji imefika magotini, lakini nyumba zina joto na mimi ni mzima.

Krismasi uliniuliza kwa simu kazi yangu hasa ni nini, na laini ikakatika kabla sijajibu. Ni hivi. Kuna kitabu ambacho watawa wa hapa waliandika miaka karibu mia tisa iliyopita, kwa mkono, juu ya ngozi ya ndama. Kila mwaka mtawa mmoja aliandika yaliyotokea: nani amekufa, nani ametoa shamba, mafuriko yalifika wapi. Akifa, mwingine alipokea kalamu. Mimi natafuta nani aliandika wapi, na nani alirekebisha maneno ya mwenzake. Zamani mtu alikaa na kioo cha kukuzia miaka ishirini. Siku hizi tunapiga picha kila ukurasa, na programu ya kompyuta inajifunza miandiko, inaisoma, kisha inatuambia: huu ni mkono wa kwanza, huu wa pili.

Profesa wangu aliniuliza kama kwetu kuna kitabu cha namna hiyo. Nikamwambia kuhusu daftari la Babu, jinsi alivyoandika habari za kanisa na za kijiji tangu alipokuwa katekista kijana hadi uzee. Akafurahi sana. Anataka nililinganishe na hiki cha watawa katika sura moja ya tasnifu yangu.

Naomba unipigie picha kurasa zote. Tumia mwanga wa mchana, kivulini, bila taa ya simu. Weka rula kando ya kila ukurasa. Usiharakishe.

Wako mtiifu,
Wambeti


Karurumo, 2 Februari 2024

Wambeti, Mama,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mara mbili. Ninakuita Mama kama siku zote, maana jina ulilobeba ni la mama yangu, na mtu hamwiti mama yake kwa jina tu.

Picha nimezituma leo, tisini na sita. Nilikaa barazani siku tatu, asubuhi, kabla jua halijazunguka upande huu. Rula niliyotumia ni ile ya mbao niliyostaafu nayo. Daftari limekuwa katika sanduku la bati tangu Baba alipofariki mwaka wa 1986, na isipokuwa mgongo wake uliolegea, liko salama. Utaona mwanzoni anaandika Kiembu, halafu Kiswahili cha misheni, na baadaye anachanganya apendavyo.

Ombi lako limekuja wakati mzuri. Agosti mwaka ujao kanisa letu linatimiza miaka mia moja, na mimi ndimi mwenyekiti wa kamati ya kuandika historia yake. Kitabu kitachapishwa Embu mjini. Ukurasa wa kumi na saba, wa mwaka wa 1934, ule unaosema Babu yako alitoa shamba la kanisa na shule, utakuwa mbele kabisa, kama nakala yake ilivyo kwenye fremu katika ofisi ya mwalimu mkuu. Kama mashine yako inaweza kuusafisha upendeze, tutashukuru.

Mvua bado. Kahawa imechumwa vizuri.

Ni mimi,
Misheck Nyamu


Ujerumani, 21 Machi 2024

Baba Mkubwa,

Picha ni nzuri kuliko nyingi tunazopewa na maktaba za huku. Profesa ameuliza mpigapicha ni nani.

Programu ilihitaji kurasa ishirini tu kumzoea Babu. Sasa inamsoma vizuri, hata anapoandika kwa haraka. Nimefurahia mambo madogo: mwaka wa 1943 alipoandika kuhusu njaa, herufi zilikuwa ndogo sana, nadhani karatasi ilikuwa haba.

Jambo moja linanisumbua. Katika ukurasa wa kumi na saba, programu imekataa mistari mitatu. Mistari ya juu na ya chini inasema ni ya Babu bila shaka. Lakini ile ya katikati, yaani “Leo mimi Nyamu nimetoa shamba la kanisa na shule, kutoka mti wa muringa hadi mtoni, kwa moyo wangu wote,” inaiweka peke yake, mkono wa pili. Nilidhani ni kosa. Nikairudia mara nne kwa njia tofauti, na jibu likawa lile lile. Nikitazama kwa macho yangu naona g zinafanana na zake, ila zinafanana mno. Babu hakuwahi kuandika g mbili zinazolingana. Hizi mbili zinalingana kabisa.

Huku jambo hili ni la kawaida. Mtawa mmoja wa kitabu changu alibadilisha tarehe ya shamba ili monasteri yake ishinde jirani.

Naomba picha nyingine za ukurasa huo. Ulaze mezani, uweke tochi chini kabisa kando yake, ili mwanga upite juu ya karatasi kama jua la asubuhi linavyopita juu ya shamba lililolimwa. Kama karatasi ilikwanguliwa, itaonekana.

Wambeti


Karurumo, 30 Machi 2024

Wambeti,

Hapa tuko katika shughuli za Pasaka. Mvua imeanza, na njia ya kwenda kanisani imekuwa tope.

Kuhusu ukurasa huo, usijitaabishe. Karatasi iliharibiwa na wadudu, na Babu yako alipozeeka aliandika tena juu yake mistari iliyokuwa imeliwa. Mkono wa mzee si mkono wa kijana, na mashine haiwezi kujua hilo. Simu yangu ina shida ya kamera kwa sasa.

Ningekushauri uwashughulikie hao watawa, ambao ndio shahada yako. Sisi daftari letu tunalifahamu.

Misheck Nyamu


Ujerumani, 9 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Pole kwa kamera. Picha ya kwanza imetosha. Picha moja ina rangi tatu ndani yake, na zikitenganishwa, wino wa zamani na wino wa baadaye huachana. Tuna programu nyingine ya kufanya hivyo. Siwezi kusema ilikuwa kazi ngumu. Ilichukua mchana mmoja.

Chini ya mstari wa kwanza kuna maandishi ya Babu, ya kalamu ya kuchovya. Nimesoma “Leo Gatakaa mjane wa Mutegi ametoa shamba la kanisa na shule.” Mstari wa pili ni ule ule wa mipaka. Wa tatu umekwanguliwa hadi karatasi ikabaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na hakuna mashine itakayousoma.

Hakuna alama ya wadudu.

Naona kwamba Babu aliandika kweli mwaka wa 1934, na baadaye, kwa sababu nisizozijua, akaifuta. Nimesikitika kidogo, lakini yeye hayupo na mimi si hakimu. Nataka tu kujua huyu mama alikuwa nani. Hakuna mahali pengine anapotajwa katika kurasa tisini na sita. Nimeuliza katika ukumbi mmoja wa mtandaoni ambapo watu wa Embu na Mbeere huzungumza habari za koo zao. Je, wewe uliwahi kulisikia jina hilo?

Wambeti


Kiambere, 3 Juni 2024

Kwako Bi. Wambeti,

Hunijui. Naitwa Kaari, nina miaka hamsini na moja, ni mkulima wa ndengu huku Kiambere. Binti yangu alinionyesha swali lako kwenye simu yake. Nimekaa nalo wiki mbili kabla ya kukujibu.

Gatakaa ni nyanya yangu, mama wa mama yangu. Aliolewa huko juu, karibu na Karurumo, na mtu aitwaye Mutegi. Mutegi alikufa mapema bila mtoto. Ndugu zake walitaka kumrithi mjane, naye akakataa kwa kuwa alikuwa amebatizwa. Shamba alilolima alilitoa kwa kanisa. Ndugu wa mumewe hawakupinga, walikuwa na mashamba mengine ng'ambo ya mto. Baada ya miaka kadhaa alirudi kwa watu wake Mbeere, akaolewa tena, akamzaa mama yangu.

Alipokaribia kufa, Oktoba 1979, alisema azikwe pale kanisani, kwamba walikubaliana tangu siku ile. Tukampeleka. Nilikuwa na miaka sita, mama yangu alinibeba mgongoni kwa sababu nilikuwa na homa. Tulifika asubuhi na pikapu ya kukodi, jeneza nyuma. Wazee wa kanisa walitoka hadi langoni. Mwalimu mmoja kijana akaleta kitabu, akakifungua, akasoma kwamba shamba lilitolewa na Nyamu. Akageuza kitabu mama yangu aone. Mama hajui kusoma. Tulikaa pale langoni hadi jua likapinda, halafu tukarudi naye.

Tulimzika kando ya mto. Bwawa lilipojengwa na maji kukaribia, tuliambiwa tuhamishe makaburi. Mama alikataa. Alisema amezungushwa mara moja, inatosha. Sasa yuko chini ya maji.

Mwaka wa 1991 mama alipanda tena huko kwenu, kuomba tu jina litajwe. Akaonyeshwa karatasi kwenye fremu.

Mama yu hai. Anaitwa Igoki, ana miaka themanini na nne na masikio yake ni mazuri. Sijamwambia kuhusu swali lako. Nataka kwanza kujua unaliuliza kwa nini.

Kaari


Ujerumani, 11 Juni 2024

Dada Kaari,

Asante kwa kuniandikia. Huenda ukaacha kuniandikia baada ya hii.

Mimi ni mjukuu wa Nyamu. Ni babu yangu aliyeandika kitabu ulichosomewa langoni. Nakuletea picha ya ukurasa wenyewe, na kando yake picha ile ile baada ya kutenganisha rangi. Ukikuza mstari wa nne wa ukurasa utaliona jina la nyanya yako. Babu aliliandika mwaka wa 1934 kwa mkono wake. Baadaye lilikwanguliwa kwa wembe na jina lake likaandikwa juu.

Ninaandika tasnifu kuhusu vitabu vya namna hii. Niliuliza kwa sababu hiyo, si kwa wema. Ingekuwa uongo kukuambia vinginevyo.

Kuna jambo lingine ninalolijua ambalo sijaliweka hapa. Si langu kulisema kwanza. Nipe muda, na uniruhusu kumtumia barua yako mtu mmoja, ambaye ni kaka mkubwa wa baba yangu.

Wambeti


Kiambere, 11 Juni 2024

Mtumie. Mama nimemwambia leo. Aliendelea kupepeta.

Kaari


Ujerumani, 12 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Hii hapa chini ni barua kutoka Kiambere, nzima kama ilivyokuja. Mwenyewe ameruhusu.

Siulizi kitu.

Wambeti


Karurumo, 20 Agosti 2024

Wambeti, Mama,

Barua ya huyo Kaari niliisoma mara moja, nikazima simu, nikaenda kupalilia. Baada ya hapo nimekuwa na shughuli nyingi, nyingine za kweli.

Babu yako hakukwangua. Nilikwangua mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu bila cheti. Habari zilikuwa zimefika kutoka Mbeere kwamba Gatakaa ni mgonjwa na anataka kuletwa. Baba aliniita chumbani kwake baada ya chakula cha mchana. Daftari lilikuwa wazi, na wembe mpya ulikuwa bado katika karatasi yake.

“Una mkono mzuri,” akaniambia. “Wangu unatetemeka.”

Nilisoma mistari ile. Nikamuuliza, “Lakini Baba, si ni kweli?”

“Ni kweli,” akasema. “Niliiandika mwenyewe. Lakini mwakani wanaandikisha mashamba ya shule. Mtu akizikwa pale, watoto wake watarudi siku moja na kuonyesha kaburi. Shule itakwenda wapi?”

Barua yangu ya kuomba chuo cha ualimu ilihitaji sahihi ya mwenyekiti wa shule. Mwenyekiti alikuwa yeye. Hakunikumbusha, wala hakukuwa na haja.

Ilinichukua kama saa mbili. Nilikwangua polepole mistari yote mitatu, hata ule wa mipaka ili wino ulingane, nikasugua karatasi kwa ukucha ili isinywe wino, na kabla ya kuandika nikajizoeza g na k zake kwenye karatasi nyingine. Nitakuambia jinsi ilivyokuwa: nilijivunia. Baba alipotazama alisema hata yeye hawezi kutofautisha.

Siku tisa baadaye walikuja. Mwalimu kijana anayetajwa na Kaari ni mimi. Niligeuza daftari mama yule aone kwa sababu nilikuwa na hakika ya kazi yangu. Mwaka wa 1991, alipokuja mara ya pili, nilikuwa mwalimu mkuu. Nilimwonyesha fremu mwenyewe.

Sasa sikiliza, maana hili mashine yako haitalipata. Mstari wa tatu haukusema “kwa moyo wangu wote.” Hayo niliyatunga mimi ili nafasi ijae. Baba alikuwa ameandika: “Naye akifa atazikwa hapo, hatua saba kutoka mlango wa mashariki, na kanisa limekubali.” Niliukwangua mstari huo zaidi ya mingine yote kwa sababu ndio ulioniogopesha. Nimekuwa mtu pekee duniani anayeujua.

Siwezi kukuambia kwamba nimeteseka miaka arobaini na mitano. Sikuteseka. Nimefundisha, nimesomesha watoto, nimezika wazazi wangu vizuri. Nilikuwa nikiona fremu ile kila asubuhi, na baada ya mwaka wa kwanza ikawa fremu tu. Ni barua yako ya Machi, ile ya g zinazolingana, iliyonirudisha chumbani kwa Baba.

Fanya unavyoona ni sawa.

Misheck Nyamu


Ujerumani, 2 Septemba 2024

Baba Mkubwa,

Nilijua tangu Aprili. Nilipokuwa shule ya bweni ulikuwa ukiniandikia kila mwezi, na barua zako zote ninazo. Niliziweka katika programu kama jaribio tu, ili iwe na mwandiko mwingine wa nyumbani wa kulinganisha. Ikasema mkono wa pili ni wako, kwa uhakika wa asilimia tisini na moja. Mwezi wa Mei nilikuandikia kwamba ni Babu nikitaka kuona kama utamwachia lawama. Hilo halikuwa jambo zuri, na ninakuomba radhi kwa hilo, si kwa mengine.

Nimekasirika pia. Nilidhani nitakueleza jinsi nilivyokasirika, lakini nimeandika ukurasa mzima na kuufuta.

Swali langu ni la kazi. Katika toleo ninalolitayarisha, kila neno lazima lionyeshe limetoka wapi: limesomwa kwa macho, limesomwa kwa mashine, au limekisiwa. Mstari wa tatu sina pa kuuweka. Hausomeki, wala si wa kukisia. Katika kitabu cha watawa kuna sehemu mia mbili zilizokwanguliwa, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyewahi kunijibu barua. Nimeuandika hivi: “Maneno haya yametolewa na mtu aliyeyafuta.” Nataka kuweka jina lako. Picha zote zitakuwa mtandaoni, wazi kwa kila mtu, na programu na jinsi nilivyoitumia. Kaari ameniuliza mara tatu mstari huo ulisema nini. Sijamjibu. Nadhani ni wewe wa kumjibu.

Wambeti


Karurumo, 9 Machi 2025

Wambeti, Mama,

Weka jina langu. Andika yote matatu: Misheck Njeru Nyamu, kusiwe na mkanganyiko na binamu yangu wa Runyenjes.

Nilisubiri kukuandikia hadi mambo ya kamati yaishe, nayo yameisha vibaya. Mwezi wa Novemba niliwasomea mistari yote mitatu ya Babu yako. Kisha wakaanza kuzungumza wote pamoja. Mmoja akasema shetani ameingia katika sherehe. Mwingine akauliza shule itaitwaje sasa, maana ina jina la Baba. Mhasibu wetu, ambaye nilimfundisha darasa la tano, aliniuliza kwa upole, “Mwalimu, kwa nini usingesubiri hadi Septemba?”

Walipiga kura. Kitabu kitasema kwamba shamba “lilitolewa na Wakristo wa kwanza wa mahali hapa.” Niliwaambia hiyo nayo ni kukwangua, tena bila wembe. Nikajiuzulu. Fremu ofisini niliiondoa mwenyewe, kwa kuwa ni mimi niliyeinunua. Mwalimu mkuu wa sasa hakunizuia. Shemeji zangu hawanisalimii, na baba yako alinipigia simu kuniuliza kama uzee umenipanda kichwani. Usimlaumu. Nyamu alikuwa baba yake pia.

Daftari bado ninalo. Chini ya ukurasa wa kumi na saba palikuwa na nafasi ya vidole vitatu. Nimeandika pale, kwa kalamu ya kisasa ili asije mtu akachanganyikiwa, kwamba mistari ya katikati ni ya uongo, niliiandika mimi mwaka wa 1979, na ya kweli ilikuwa hii. Nikaweka sahihi na tarehe. Sikufuta chochote.

Ninataka kwenda Kiambere kulisoma mbele ya yule mama. Muulize Kaari kama nitapokelewa. Akikataa nitamtumia kwa posta.

Misheck


Kiambere, 27 Aprili 2025

Wambeti,

Uliniomba nikueleze jinsi ilivyokuwa. Nilichelewa kwa sababu ya ndengu, zilikuwa zimekauka na mvua ilitishia.

Baba yako mkubwa alikuja Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, peke yake, amevaa koti na tai. Ni mrefu kuliko nilivyokumbuka. Mama alikuwa ameketi kivulini anapukuchua mahindi. Nilimwambia, “Mama, yule mwalimu wa kitabu amefika.” Akasema, “Mpe kiti.” Hakumpa mkono.

Mwalimu alisema anataka kueleza kwanza. Mama akamwambia, “Soma.” Akafungua daftari. Alianza na ile mistari aliyoitunga, akasema hii ni ya uongo, na aliyeiandika ni yeye. Kisha akasoma ile ya kweli, kwa Kiswahili, halafu akairudia kwa Kiembu. Sauti yake ilikuwa ya darasani, wazi, bila kulia. Nilimshukuru kwa hilo.

Alipofika kwenye hatua saba kutoka mlango wa mashariki, Mama aliacha mahindi.

“Rudia hapo,” akasema. Akarudia. “Tena.” Akarudia mara ya tatu.

“Hapo hatua saba,” Mama akauliza, “sasa pana nini?”

“Jiko la shule,” akasema.

“Wanapika nini?”

“Githeri. Jumatano wali.”

Mama alifikiri, akasema, “Waache wapike.” Nilimwambia kwamba Mwalimu yuko tayari kusaidia tuweke jiwe pale, na wewe ulisema picha zitawekwa mtandaoni. Mama akasema jiwe halina mtu chini yake, la kazi gani.

Nilidhani imekwisha. Mwalimu naye alidhani hivyo, alikuwa ameshaanza kulifunga daftari. Ndipo Mama akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

“Siku ile ulikuwa na koti la kaki,” akamwambia. “Nilikuomba maji ya huyu. Alikuwa mgongoni, anaungua. Ulisema bomba limefungwa. Nami nililiona linatiririka nyuma yako.”

Mimi sikuwa najua jambo hilo. Miaka yote hiyo Mama ametuambia habari za kitabu na jeneza, hakuwahi kutaja maji.

Mwalimu alilirudisha daftari magotini. Kisha akasema, “Mama, hilo silikumbuki. Ningekuwa nalikumbuka ningekuambia. Silikumbuki kabisa.”

“Mimi nalikumbuka,” Mama akasema. “Liandike.”

Mwalimu akatoa kalamu mfukoni. Ukurasa ule ulikuwa umejaa, akaandika pembeni, akilizungusha daftari juu ya magoti yake. Mkono wake siku hizi unatetemeka, ilimchukua muda. Tulimngoja. Alipomaliza, Mama alinyoosha kidole kwangu, akaniambia nichukue nimsomee, tuone ameandika nini.

Nikasoma. Alikuwa ameandika vile vile alivyoambiwa: koti, bomba, mtoto mwenye homa, na kwamba aliombwa maji akanyima. Hakuweka “inasemekana.”

Mama akaniuliza, “Ni hivyo?”

Nikamwambia, “Ni hivyo.”

Basi akaniambia nimnawishe Mwalimu mikono, na nimletee chakula.

Kaari